Swali la Pili la Daktari

Chuoni, Kampala
11 Februari 1956

Dada yangu Mastura,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa zile wiki zote ambazo sikukuandikia. Natumaini barua hii itakukuta hapo Chumbageni ukiwa na nguvu zako, na shemeji Idarusi kifua kimempoa, na Asmahani hajakuchosha kwa mambo ya posa yake. Picha yenu mliyopiga siku ya Maulidi nimeibandika juu ya meza yangu. Wenzangu wananiuliza yule mama mkali wa katikati ni nani. Nawaambia ndiye aliyenilea Mama alipofariki, na ukali wake ni wa kwenye picha tu.

Hapa sasa barua inanitaka niseme kwamba mimi sijambo. Ndivyo Baba alivyotufundisha: salamu, kisha hali, kisha maneno. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi nikashindwa kuandika neno hilo, basi nimeliruka.

Dada, mimi si mzima. Ilianza kidogo kidogo tangu Desemba. Nakaa maktaba na kitabu, saa nzima inapita kwenye ukurasa mmoja. Halafu saa sita mchana kengele ya chakula ikilia, namsikia Baba akituita. Unakumbuka alivyokuwa hagusi chakula mpaka ataje watu wote wa nyumba, Mama, wewe, mimi, na yeye mwenyewe mwisho, hata asiyekuwepo siku hiyo? Nasikia hivyo hivyo, kwa sauti yake, ila akifika kwangu haendelei. Anarudia jina langu, Zubeiri, Zubeiri, mpaka natoka nje. Najua Baba amekufa, mimi nilikuwa kaburini nikampokea. Najua nyuma yangu hakuna mtu. Lakini nageuka, na wenzangu wameniona nikigeuka.

Siku hizi siingii ukumbi wa chakula. Yupo Mbondei mmoja wa Muheza, Kristofa, anayefanya kazi katika bweni letu, ndiye anayeniletea chakula chumbani amekifunika kwa taulo. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa daktari. Daktari wa hapa ametenga kila Jumatano kwa ajili ya watu waliozidiwa na mawazo, wanafunzi na wafanyakazi pamoja, na wote wanangoja kwenye benchi moja barazani. Utamkuta mpishi, karani na mimi, na kila apitaye anatuona. Kristofa amekaa pale tangu mkewe alipofariki, wala haoni haya. Mimi naona haya mpaka siwezi kunyanyua uso.

Daktari ameniuliza kama katika ukoo wetu yupo mtu aliyewahi kuugua hivi. Nikamwambia sijui. Akaniambia niulize nyumbani. Baba hayupo, Mama hayupo, basi nakuuliza wewe. Nijibu kwa herufi za Kiarabu, maana mwenzangu wa chumbani hawezi kuzisoma.

Naogopa, Dada. Nadhani sijawahi kukuandikia neno hilo.

Mdogo wako,
Zubeiri

*

Chumbageni, Tanga
4 Machi 1956

Mdogo wangu Zubeiri,

Marahaba, na marahaba ya zile wiki nazo, ingawa hukustahili. Barua yako imefika Alhamisi. Sisi hapa hatujambo. Shemeji yako kifua kinamsumbua akiombwa afanye kazi, akiitwa kula kinapoa. Asmahani ndiyo usiseme. Wale watu wa Makorora wamekuja rasmi, na kijana mwenyewe, Msafiri, ni karani wa reli, mpole, anakula vizuri. Tatizo ni shangazi yake, Bi Mwanakombo. Huyo kakaa ukumbini kwangu saa tatu, kanywa kahawa yangu yote, akiuliza habari za marehemu wetu mmoja mmoja: huyu alikufa lini, kwa maradhi gani, alizikwa na nani. Nilimjibu mpaka koo likanikauka.

Haya, mambo yako. Umechoka, mwanangu. Unasoma sana na huli. Mtu asiyekula atasikia hata paka akimwita. Nimekwenda kwa Shehe akakuandikia kombe kwa zafarani, nimekutilia humu ndani. Lioshe kwa maji safi, unywe asubuhi kwa siku saba, na usome zile sura ulizohifadhi. Na ulale mapema.

Hilo swali la daktari, madaktari huuliza mengi ndiyo kazi yao.

Lakini nakuomba jambo moja, na nakuomba kama niliyekubeba mgongoni. Hiyo habari ya majina usimwambie mtu mwingine. Asijue Kristofa, asijue daktari, asijue yeyote.

Usishangae mwandiko, nilijikata kidole kwenye mbuzi nikikuna nazi, na mkono haujatulia.

Dada yako,
Mastura

*

Chuoni, Kampala
27 Machi 1956

Dada Mastura,

Shikamoo. Mpe shemeji pole ya kifua, na pole nyingine ya kuwa na mke anayekiona kikipoa. Asmahani mwambie nimefurahi. Nimemwandalia kitambaa, nitamtumia.

Kombe nimelipokea. Nililiosha kwenye bakuli la Kristofa, nikanywa siku saba kama ulivyosema. Nilimwambia daktari nikidhani atacheka, akaniuliza tu lina ladha gani. Nikamwambia la waridi na wino. Siku zile saba nililala vizuri, siwezi kukataa. Siku ya nane, saa sita, niliitwa tena.

Hukujibu swali langu. Nimesoma barua yako mara nyingi, nikaona umejibu kila kitu pamoja na paka, isipokuwa hilo. Halafu umenikataza kutaja majina. Kwa nini? Mimi sikukwambia kwamba majina ndiyo ugonjwa. Nilidhani ni mazoea ya Baba tu, kama wengine wanavyopiga bismillahi kwa sauti kubwa.

Tangu hapo nimekuwa nikikumbuka. Nilikuwa na miaka minne, tukiwa bado Mwera, Baba alipokwenda Pemba kwa biashara ya karafuu akakaa mwaka mzima. Na nakumbuka kwamba majina yalianza aliporudi. Kabla ya hapo tulikula kama watu wengine. Namkumbuka pia Mzee Zebedayo, aliyekuwa akija kila mwaka na kikapu cha viazi ulaya na kabichi, akakaa na Baba uani mchana kutwa. Mliniambia ni rafiki wa Baba wa Pemba. Dada, mimi sasa ni mtu mzima. Kabichi za namna ile zinatoka milimani, na mzee yule alikuwa akijisemea Kishambaa.

Nieleze. Daktari ana swali jingine la kufuata, lakini hilo sikuandikii mpaka unijibu la kwanza.

Zubeiri

*

Chumbageni, Tanga
20 Aprili 1956

Kwa Zubeiri,

Marahaba. Ramadhani imetukuta salama, leo tuna siku chache tu za funga na shemeji yako keshaanza kuhesabu zilizobaki. Posa imekubaliwa. Harusi ni Alhamisi ya tarehe saba Juni. Bi Mwanakombo amekuwa mgeni wangu wa kila Ijumaa, hata mwezi wa funga haoni aibu, anakuja kunusa nyumba.

Baba alikwenda Pemba. Alikwenda kwa karafuu, akakaa mwaka, akarudi. Zebedayo alikuwa mtu wa biashara, na watu wa biashara huenda kila mahali. Mtoto wa miaka minne anakumbuka nini? Usinichokonoe, Zubeiri, nimefunga.

Wewe hufikirii mbele. Baba alikufa akitamani mtoto wake avae joho la chuo. Ukiandikwa kwenye faili la serikali kwamba una wazimu, na ukoo wako una wazimu, nani atakupa kazi? Na nani atamuoa Asmahani? Mwanamume akiulizwa habari hizi atainuka aende zake, lakini binti atabaki ndani akitazamwa. Mimi nayajua haya kuliko unavyodhani.

Kwa hiyo nimekumalizia. Nimemwendea karani mmoja wa Makorora mwenye mashine ya chapa, akaandika kwa Kizungu barua nzuri, nikaitia sahihi, nikaipeleka moja kwa moja kwa daktari wako. Nimemjulisha kwamba katika ukoo wa Mzee Miraji hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuugua akili, baba kwa mama, mbali na karibu. Sasa hana la kuuliza. Atakuacha upumzike na wewe utapona.

Nakuombea katika kila futari.

Mastura

*

Chuoni, Kampala
14 Mei 1956

Dada yangu,

Shikamoo, na Idi njema. Natumaini mlikula vizuri. Kitambaa cha Asmahani nimekipeleka posta, ni cha hariri, rangi ya zambarau kama apendavyo. Akivae siku ya kutolewa nje.

Daktari alinisomea barua yako. Alinisomea polepole, akaniuliza nasemaje. Nikamwambia kama dada yangu amesema hakuna, basi hakuna.

Kwa hiyo mimi ndiye wa kwanza. Nilikuwa natumaini, sijui kama utanielewa, nilikuwa natumaini yuko mwingine. Unamkumbuka yule kijana wa Pangani aliyekuwa akifungwa pingu ya mti mguuni, karibu na kivuko, watoto wakimtupia kokwa za maembe? Mimi pia nilimtupia. Simjui mtu mwingine aliyeshikwa na jambo hili ila yeye, naye nilimwona mpaka mwisho wake. Siku hizi nikitazama mguu wangu namkumbuka.

Jumatano siendi tena. Kristofa huja kunigongea, nakaa kimya mpaka aondoke. Nadhani anajua nimo ndani. Jana nilimpa blanketi langu, akalikataa, nikaliacha mlangoni pake.

Sanduku nimelifunga. Kuna treni Ijumaa, tarehe moja Juni. Siji Tanga, usihofu, sitamharibia Asmahani harusi. Nitashuka mahali ambapo hakuna anayenijua. Wewe usinitafute. Watu wakiuliza, waambie nimekwenda Pemba.

Mpe shemeji salamu. Nimekupenda sana, Dada, na sikuudhiki nawe.

Zubeiri

*

Chumbageni, Tanga
30 Mei 1956

Zubeiri,

Barua yako nimeipata jana saa tatu asubuhi, nikiwa nachambua mchele wa harusi. Nilipofika kwenye neno Pemba ungo ulianguka. Nilitoka na buibui nimelivaa ndivyo sivyo, nikakimbia mpaka posta, mimi ambaye unajua sijakimbia tangu nimzae Asmahani.

Nilitaka kukupigia simu ya maandishi. Yule karani wa dirishani akaniambia niseme maneno yangu, ayaandike. Nyuma yangu palikuwa na msururu wa watu kama kumi, na wa tatu wao alikuwa Bi Mwanakombo ameshika bahasha. Nilimwona na yeye akaniona. Nikataka kusema kwamba bibi yetu ni mgonjwa, au neno lolote lile. Nilikuwa na uongo tayari, nimeutunza miaka kumi na minane, unatoka wenyewe. Lakini nilikuwa naliona lile treni.

Nikasema. Na karani, Mungu amsamehe, ana sauti ya muadhini, na desturi yao ni kuyarudia maneno ili uyahakikishe. Akayasoma posta nzima ikasikia: "Baba aliugua kama wewe akapona ngoja barua. Ndivyo, mama?" Nikamwambia ndivyo.

Sasa hii ndiyo barua yenyewe. Naiandika kwa herufi zetu, lakini safari hii si kwa kuficha, ni kwa sababu mkono wangu unazijua, nami nataka mkono uende mbio nisije nikarudi nyuma.

Baba hakufika Pemba maisha yake yote. Mwaka thelathini na nane, tukiwa Mwera, alikuwa karani wa Liwali. Alianza kusema kuna watu wanaandika jina lake katika daftari, na kila saa sita mchana wanalisoma. Akaacha kula. Akaacha kuvaa kanzu. Siku moja alipiga kelele sokoni, majirani wakamleta amefungwa kamba, wakamfunga kitandani, na kila aliyepita alichungulia dirishani. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, nimeshaposwa. Wakwe zangu walikuja mchana kweupe, watu wanane, kuivunja posa, na mama wa yule kijana alisimama uani akatangaza sababu. Wewe ulikuwa umenishika pindo la kanga. Tangu siku ile niliapa hakuna mtoto wa nyumba yetu atakayesimama nilipokuwa nimesimama mimi.

Usiku ule ule Mama alinipa kisu, nikazikata zile kamba. Tulimchukua kwa lori mpaka Korogwe, na kutoka hapo tukapanda milimani, mpaka hospitali ya misheni wanakotunza wagonjwa wa akili. Mama alilia njia nzima, akiogopa watambatiza. Hawakumbatiza. Walimpa chakula na shamba la kulima, na wakampa Zebedayo, mtumishi wa pale, Mshambaa, Mlutheri. Alikaa naye miezi kumi na mitatu.

Zebedayo ndiye aliyegundua kwamba hofu ya Baba inakuja saa sita. Basi kila saa sita alikuwa akiacha kazi zake, anakuja kukaa naye chini. Alinieleza mwenyewe, nilipokwenda kumtazama Baba, na mpaka leo nayashika maneno yake: "Wakianza kumwita, namwambia awaite yeye. Taja watu wa nyumbani kwako, Miraji, mmoja mmoja. Ukimaliza, anza tena."

Umeelewa, mdogo wangu? Majina hayakuwa wazimu wa Baba. Majina ndiyo yaliyokuwa dawa yake. Alikuwa anatutaja ili asipotee, na kila adhuhuri, miaka kumi na minne, alikunywa dawa yake mbele ya macho yako na wewe ukidhani ni mazoea. Ulipoandika kwamba unamsikia, nilitetemeka mpaka nikajikata. Nilidhani ugonjwa wake umekufuata kutoka kaburini ulikomshusha. Sikufikiri hata mara moja kwamba huenda kilichokufuata ni ile dawa, imekufikia nusu, hukuambiwa namna ya kuitumia.

Alirudi mwaka thelathini na tisa, amekonda, mzima. Tukahamia Tanga pasipotujua mtu, akapata kazi forodhani. Mama ndiye aliyetunga Pemba. Tulizika ule ugonjwa vizuri sana, na leo naona tulizika na kupona kwake humo humo. Umekua bila kujua kwamba mtu anaweza kwenda huko akarudi. Umemjua yule mfungwa wa Pangani tu, na huku umelelewa na mtu aliyerudi.

Na barua ile ya mashine niliyompelekea daktari ni yangu, kosa ni langu. Nilidhani nakufunika, kumbe nimekufungia nje peke yako.

Jana jioni nilimweleza shemeji yako, kabla Bi Mwanakombo hajamweleza. Miaka kumi na saba ya ndoa hakuwa anajua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kofia yake akatoka. Nilikaa nikasema basi, mume amekwenda na harusi imekwenda. Alirudi baada ya Isha, akaomba chai. Alikuwa amekwenda Makorora mwenyewe, amewaeleza wakwe kwa mdomo wake. Nikamuuliza wamesemaje. Akasema, "Watajibu kesho. Wewe mwandikie mdogo wako. Harusi ikivunjika, biriani tutalila wenyewe."

Nimekuandikia. Kaa hapo ulipo, Zubeiri. Usipande hilo treni.

Mastura

*

Chumbageni, Tanga
22 Juni 1956

Mdogo wangu,

Sijapata jibu lako. Leo ni siku ya ishirini na nne tangu ile simu, na kila siku nakwenda posta. Yule karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Nakupa habari za nyumbani, labda ukisoma habari za kawaida utaniandikia za kawaida. Harusi imefanyika. Wale wa Makorora walikaa siku nzima wakijadiliana, halafu Msafiri akaja mwenyewe, jasho linamtoka, akasema yeye anamuoa Asmahani, hamuoi babu yake. Bi Mwanakombo hakuja. Nusu ya wanawake wa upande wao hawakuja, na waliokuja walimtazama mwanangu machoni kama wanaotafuta kitu. Nililiona hilo na liliniuma, siwezi kukwambia halikuniuma. Lakini Asmahani alivaa zambarau yako, akacheza.

Nimeandika barua nyingine kwa daktari, nimeikana ile ya kwanza. Safari hii sikutafuta karani, niliiandika kwa mkono wangu kwa Kiswahili, watajijua.

Mchana nikipakua, nakutaja. Shemeji yako wala haulizi, anangoja nimalize ndipo anawe. Naogopa kwamba namtaja mtu asiyekuwepo. Nina hofu sasa kama ile ya mwaka wa thelathini na nane, na safari hii sina kisu wala kamba ya kukata. Hata ukiniandikia matusi, niandikie.

Dada yako

*

Chuoni, Kampala
10 Julai 1956

Dada yangu Mastura,

Shikamoo. Nisamehe, nisamehe tena. Nakuandikia nikiwa katika chumba cha zahanati ya chuo, dirisha liko wazi, na Kristofa ameketi mlangoni anashona kifungo cha shati langu vibaya sana.

Simu yako ilikaa ofisi ya chuo, ikafika bwenini Ijumaa asubuhi nami nimeshaondoka. Kristofa aliipokea, akaifungua bila ruhusa, akapanda baiskeli mpaka stesheni. Alinikuta nimekaa juu ya sanduku. Nilipoisoma nilidhani kwanza ni uongo mwingine, wa kunizuia tu. Lakini haikuwa na salamu. Hukuniuliza hali, hukuniambia za shemeji. Miaka yote hii hujaniletea neno lisilotanguliwa na salamu, nikasema huyu leo anasema kweli. Nilibaki nimekaa juu ya sanduku mpaka treni likaondoka. Sikuamua kubaki, Dada, nisijitie ushujaa. Sikuinuka tu.

Barua ilinikuta hapa, kwenye kitanda cha zahanati. Wiki tatu sikuweza kushika kalamu. Daktari amenipa dawa ya kulala, na chuo kimeniruhusu kupumzika mpaka muhula ujao, nafasi yangu ipo. Nilifikiri watanifukuza. Nilikuwa nimeshajifukuza mwenyewe.

Sijapona. Nataka uelewe hilo, usije ukawatangazia posta. Saa sita naitwa bado, na zipo siku nageuka. Naogopa nikiamka na naogopa kengele ikikaribia. Ila sasa ikilia Kristofa huja, tunakaa, nami naanza kutaja. Mama. Dada Mastura. Baba. Shemeji Idarusi. Asmahani. Nimemtia na Msafiri, tangu nilipopata barua yako ya juzi. Nimemtia Mzee Zebedayo. Kristofa naye anataja wa kwake, anaanza na mkewe. Jina langu nalitaja mwisho, kama Baba, na likishatoka kinywani mwangu huwa silisikii tena nyuma yangu kwa muda. Siku nyingine ni muda mfupi. Jumatano iliyopita tulifanya hivyo barazani, kwenye lile benchi, watu wakipita, na yule mpishi akauliza kama naye anaweza kutaja.

Nina la kuungama. Nilikwambia daktari ana swali jingine, nikakuficha. Yalikuwa maswali mawili kwenye karatasi moja, aliniuliza yote siku ile ile ya kwanza. La kwanza ni kama yupo mtu katika ukoo aliyeugua hivi. La pili ni kama alipona, na kilichomsaidia ni nini. Ningekuandikia la pili tangu Februari, pengine ungenijibu siku hiyo hiyo, maana jibu lake ulikuwa nalo na halikuwa la aibu. Sikuliandika kwa sababu niliogopa utasema hakupona. Kwa hiyo wewe ulificha la kwanza, mimi nikaficha la pili, na Baba akakaa katikati yetu, mzima, hatumwoni.

Juzi daktari alilitoa faili langu. Barua yako ya mashine imo, na barua yako ya mkono imebanwa juu yake. Chini ya swali la pili palikuwa patupu tangu Februari. Alitaka kuandika yeye, nikamwomba kalamu. Mstari haukunyooka, lakini nimeandika mwenyewe, kwa Kiswahili, hivi: "Alipona, 1939. Alitaja watu wake. Mwaka uliofuata alinishika mkono, akanifundisha kuandika."

Mdogo wako,
Zubeiri wa Miraji